Meli Iliyogoma Kuzama

Ukikaa Nyakanazi, usitegemee ndugu zako wakuone kama mtu. Kwao wewe ni kituo. Mwenye mgonjwa wa kupeleka Mwanza analala kwako, mwenye mzigo unaotoka Kahama anauteremshia kwako, na mwenye kuku wa harusi ya Kibondo anamfunga kwenye mguu wa meza yako huku wateja wanakula. Nina banda la chakula pale njia panda, upande yanakoegeshwa malori, na hakuna aina ya mzigo ambayo sijawahi kulala nayo chumba kimoja. Kwa hiyo shangazi alipotangaza kwamba anataka kumzika babu, hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi. Mdogo wangu alipiga simu kutoka Ngara mjini. "Dada, wewe si uko hapo barabarani? Utampokea mgeni wa Nyabusozi, umlete Mabawe." Kabla sijajibu akakata.

Babu mwenyewe hayupo wa kuzikwa. Nalisema mapema ili nisimchanganye mtu. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa katika ile vita ya pili ya Wazungu, akapelekwa kwenye meli ya mizigo ya jeshi la majini, na huko hakurudi yeye, wala mwili, wala kofia. Mtu wa Mabawe, ambaye maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya mto Ruvubu, akaenda kupotelea baharini. Ukitaka kujua kwamba dunia haina mpango, anzia hapo.

Shangazi ni mtoto wake wa mwisho. Babu alipoondoka, yeye alikuwa bado tumboni. Baba yangu, ambaye ndiye alikuwa kaka yake, alishatangulia, kwa hiyo sasa mkubwa wa mji ule ni shangazi. Mwaka huu miguu ilianza kumvimba. Akatuita wote, akatuambia anataka azikwe ubavuni mwa mama yake. Sasa, upande wa kulia wa kaburi la bibi pameachwa nafasi ya babu tangu siku bibi alipofariki, pale ndani ya migomba, hakuna anayepanda hata mche wa maharage. Na kwa desturi yetu mtoto halazwi upande wa kushoto wa mama kabla baba hajalazwa upande wake. Babu azikwe kwanza, basi.

"Nimechoka kuwa mtoto wa mtu aliyechelewa," shangazi alisema. "Wenzangu wana baba waliokufa. Mimi wangu amechelewa. Mpaka lini?"

Kila mmoja akawa na wazo lake, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma.

Kwetu mtu aliyefia mbali, mwili usionekane, huzikwa kwa mgomba. Linakatwa shina lenye urefu wa mtu, linavikwa shuka jeupe, linalazwa kaburini, na watu wanalia kama kawaida. Lakini huwezi kuzika kwa kubahatisha. Lazima aje mtu aliyeyaona mauti yale kwa macho, au mrithi aliyeachiwa neno na yule aliyeyaona, asimame uani aseme: alikufa hivi. Bila hivyo utamzika mtu anayekunywa chai mahali. Majirani zetu walimzika kijana wao aliyekwenda machimboni, akarudi mwaka uliofuata na redio mpya, na ikabidi aingizwe nyumbani kwa mlango wa nyuma, maana wa mbele alishatolewa kama marehemu.

Mawazo ya ndugu zangu sasa. Baba mdogo, mtoto wa mdogo wake babu, alisema mgomba lazima uwe wa ndizi za pombe, kwa sababu babu alikuwa mnywaji, akilazwa na mgomba wa ndizi za kupika hatatulia. Baada ya kubishania mgomba kwa siku nzima, akageuka akasema hakubaliani na mazishi yenyewe. "Meri ya chuma ya serikari haizami hovyo," alisema. "Yule arioa kure kwa Wahindi. Tuna ndugu kure." Katekista alisema yeye yuko tayari kumwombea marehemu ila hatauombea mgomba, akaomba vitu hivyo viwili visichanganywe. Na mdogo wangu, ambaye ana simu kubwa na akili za kuchaji, akachapisha bango. Alikuja nalo Nyakanazi amelikunja kwapani, akalifungua juu ya meza yangu. Kulikuwa na picha ya meli ndefu kama mtaa mzima, imepangwa makontena ya rangi zote, na chini yake maandishi: PUMZIKA BABU YETU.

"Hii ndiyo meli yake?" nikamwuliza.

"Ni meli ya mizigo, dada. Si alikuwa kwenye meli ya mizigo?"

"Ina makontena."

"Na makontena si mizigo?"

Nilimwachia mteja mmoja, dereva wa lori, amjibu. Mimi nilirudi jikoni kwa sababu maharage yalikuwa yanashika chini.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba meli yenyewe ya babu mimi naijua. Sisi sote tuliokulia pale kwa bibi tunaijua kuliko tulivyojua hesabu za darasani. Kila mwaka, maharage yakishavunwa, alikuja kwetu mzee mmoja kutoka Nyabusozi, kule Biharamulo. Alikuja na asali ndani ya kibuyu, na baadaye, vibuyu vilipoisha fasheni, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Bibi alimchinjia kuku. Sisi watoto tuliamini ni mchumba wake, tukawa tunawachungulia kupitia nyufa za ukuta, na tulichoambulia ni hadithi ya meli.

Mzee yule na babu waliandikishwa pamoja. Babu alikuwa wa ukoo wa wahunzi. Afisa alipomwuliza kazi yake ya nyumbani, akasema anafukuta mivukuto, anawasha moto wa kuyeyusha chuma. Mzungu akaona huyu joto halimtishi. Wakampeleka yeye na mwenzake chini kabisa ya meli, kwenye matanuru, wawe wanachochea makaa ya mawe. Meli ilipakwa rangi ya majivu, haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu ubavuni. Ilikuwa ya jeshi lakini haikupigana. Nyuma ilifungwa mzinga mmoja ambao, kwa maelezo ya mzee, ulilia mara chache na kila ulipolia ulivunja vyombo vya jikoni badala ya adui. Kazi ya meli ilikuwa kubeba. Ilibeba mchele wa askari waliokwenda Burma. Ilibeba nyama ya kopo, mapipa ya mafuta, na saruji. Safari moja ilibeba baghala, wale wanyama ambao mama ni farasi na baba ni punda, na baghala wakaugua bahari kuliko watu, na waliotumwa kuzoa uchafu wao wakawa ni hao hao wa matanuru, kana kwamba makaa hayatoshi.

Mombasa, Kolombo. Kolombo, Mombasa. Babu alichochea huku akiimba nyimbo za kufukutia chuma, zile za kwetu, na mwendo wa koleo ukafuata wimbo. Akiimba wimbo wa haraka moshi unafumka, na meli nyingine walizofuatana nazo zinalalamika kwa bendera kwamba adui ataona. Akiimba wa polepole, mhandisi anashuka kuuliza kwa nini mvuke umepungua. Na kila bandari waliyofika, babu alimwuliza mtu wa kwanza anayekutana naye: njia ya kwenda Ngara ni ipi? Mzee alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anafuta machozi. Bibi naye alicheka.

Halafu hadithi ilifika kwenye bandari ya mwisho. "Tukapakia saruji na mchele," mzee alisema, "tukatoka." Hapo alinyamaza, akakohoa, akamtazama bibi. Na bibi, kila mwaka, mahali hapo hapo, aliinuka akakung'uta khanga yake. "Haya, chakula kimeiva."

Alimuuliza juu ya mvua za Biharamulo. Alimuuliza juu ya mkewe, ng'ombe wake, mizinga yake ya nyuki, mguu wake uliovimba. Asubuhi alimfungia maharage ya kupeleka kwake na kumsindikiza mpaka barabarani. Mwaka unaofuata tena: mivukuto, baghala, Kolombo, saruji na mchele, tukatoka, chakula kimeiva. Sisi tuliokuwa tunachungulia tulikasirika sana. Meli ile ilitoka bandarini miaka yote ya utoto wangu, na mpaka bibi anakufa ilikuwa haijafika popote.

Mzee naye alishafariki, lakini aliacha mwana. Huyo ndiye mgeni niliyepaswa kumpokea, mrithi wa neno.

Alifika Nyakanazi siku moja kabla ya ile tuliyokubaliana, naye mwenyewe mzee tayari, mrefu, amevaa koti zito katika jua lile, na ndoo ya asali yenye mfuniko. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, mwana wanje," akakaa kwenye benchi langu, akakaa, akakaa. Nilimpa chai akanywa. Nilimpa wali akala. Alisema barabara ni nzuri siku hizi, alisema nyuki wamepungua. Kuhusu meli, kimya. Nikajiambia amechoka. Nikampa kitanda changu nikalala na mwanangu, na mwanangu analala kama anapigana.

Siku ya pili tukapanda Probox ya jirani, mimi, yeye, bango la makontena na ile asali, tukapita Lusahunga, tukapita Nyakahura na Benako, tukapanda vilima vya Ngara. Njiani nilimchokonoa. Nikasema, "Baba yako alikuwa anasimulia vizuri sana habari za ile meli." Akakubali, "Ego, alikuwa anasimulia." Nikangoja. Akaniambia migomba ya huku imenawiri kuliko ya kwao. Mfuniko wa ndoo ulikuwa haujakaza, na tulipofika Mabawe nusu ya meli ya mdogo wangu ilikuwa imelowa asali na nzi wameshapanda. Nikaona hao ndio mabaharia wake.

Watu walikuwa wamejaa. Kaburi limechimbwa pale kuliani mwa bibi. Mgomba umekatwa, wa ndizi za pombe, baba mdogo alishinda hilo, umelazwa sebuleni juu ya mkeka ndani ya shuka. Shangazi alikuwa amekaa kando yake, miguu imenyooshwa, ameweka mkono juu ya shuka kama unavyomwekea mtoto mwenye homa. Alimwona mgeni mlangoni, akampokea kwa mikono miwili, wakaamkiana kwa Kihangaza kwa muda mrefu kama watu walioachana jana.

"Ale kwanza," shangazi akasema. "Katoka mbali."

Akala. Akapewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akanywa. Tukatoka uani, watu wakakaa, mdogo wangu akanyoosha simu yake juu kurekodi, akasema, "Haya mzee, tusimulie."

Mgeni akasimama akasimulia, na alikuwa na sauti ya baba yake kabisa, nikajisikia niko nyuma ya ukuta nachungulia. Mivukuto. Namba ubavuni. Mzinga na vyombo vya jikoni. Baghala. Njia ya kwenda Ngara ni ipi? Watu walicheka, wazee wakatikisa vichwa. "Wakapakia saruji na mchele," akasema, "wakatoka."

Akakohoa. Akamtazama shangazi. Akakaa.

"Endelea, mzee," mdogo wangu akasema, simu bado iko juu.

Mgeni akatabasamu kwa adabu, akapangusa goti lake.

"Ikawaje baada ya hapo?" akauliza mtu mwingine.

"Ilikuwa safari," mgeni akasema.

Baba mdogo akageukia umati kama wakili aliyeshinda. "Mnaona? Hajui. Hajui kwa sababu hakuna kirichozama. Tuna ndugu kure kwa Wahindi." Watu wakaanza kunong'ona. Katekista akatazama jua, maana alikuwa na ibada kigango kingine. Mdogo wangu akanigeuzia uso wa lawama, mimi, kana kwamba nimeleta mgeni mbovu, kana kwamba kulikuwa na wageni wengi pale stendi nikachagua huyo.

Nilikuwa nimefika mwisho wa uvumilivu wangu. Nilichukua sahani nyingine ya chakula, maana hiyo ndiyo sababu pekee inayokubalika ya kumsogelea mgeni, nikainama mbele yake, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, samahani. Nimekutoa Nyakanazi kwa gari la watu. Kaburi liko wazi. Kwa nini husemi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Sijaulizwa, mwana wanje."

"Tumekuuliza watu wote hapa."

"Ninyi si wenye msiba." Akaipokea sahani, maskini, akaanza kula tena. "Mleta msiba hajisemeshi. Anakaa, anakula anachopewa, anajibu anachoulizwa. Mpaka mwenyewe mfiwa amwambie: kilichokuleta ni nini? Hapo ndipo anasema. Akisema kabla, ni kama amemwua yeye. Mfiwa ni mke. Mke hayupo, ni mtoto." Akameza. "Wewe ulifikiri baba yangu alikuwa anakuja huku kila mwaka kufuata nini? Kuku wa bibi yako?"

Nilibaki nimeinama vile vile. Mtu wa kutoka Nyabusozi, zamani kwa miguu kupita porini, baadaye juu ya magunia ya malori, mwaka hadi mwaka mpaka miguu ikamkataa, na neno moja mdomoni, akingoja kuulizwa swali moja. Na bibi yangu aliijua desturi kuliko mtu yeyote. Alimpikia, alimchekea, alimuuliza habari za nyuki, na hilo moja hakumuuliza. Kila mwaka alimwachia meli itoke bandarini na babu akiwa mzima ndani yake, anaimba, na akamfungia mzee mlango pale pale.

Nilikasirika, nalisema wazi. Nilimkasirikia bibi kwa ujanja wake. Nilimkasirikia yule mzee kwa adabu zake. Watu wawili wazima wenye akili wameketi mkekani, mmoja hasemi mpaka aulizwe, mwingine haulizi ili asiambiwe, na katikati yao msichana mdogo anapita na bakuli la mchuzi, anakua, anaolewa, anazeeka, miguu inavimba.

Nikaingia ndani kwa shangazi. Alikuwa amerudi kando ya mgomba.

"Shangazi, anakungoja wewe. Muulize."

"Nitamuuliza."

"Lini?"

"Ale kwanza."

"Ameshakula mara tatu. Ataugua."

Hakucheka. Alikuwa analikunja pindo la shuka na kulikunjua. "Mimi ndiye niliyekuwa napeleka chakula," akasema. "Mama akiniangalia tu, nilijua ni wakati, nanyanyua sufuria. Sikufundishwa. Nilipokuwa mkubwa nikaelewa ninachofanya, nikaendelea."

"Lakini si wewe mwenyewe uliyetuita? Si wewe uliyesema umechoka?"

"Nimechoka."

"Basi."

"Nikimuuliza, atakufa."

"Shangazi, babu alikufa kabla mimi sijazaliwa."

"Kwako." Akanitazama, na macho yake yalikuwa ya mtoto, sijui niseme vipi, mtoto aliyeambiwa alale na hataki. "Kwako alikufa. Kwangu bado yuko njiani. Anauliza njia ya kwenda Ngara."

Nikakaa chini, ng'ambo ya pili ya mgomba, nikaweka na mimi mkono juu ya shuka. Shina la mgomba ni baridi, lina maji mengi. Nje nilimsikia baba mdogo akieleza watu jinsi Wahindi wanavyooza binti zao.

Nadhani hilo ndilo lililomnyanyua. Shangazi alisonya, akanyoosha mkono, "Niinue." Nikamwinua. Tukatoka, yeye ameniegemea, mzito kuliko anavyoonekana. Alisimama mbele ya mgeni. Mgeni akaweka sahani chini, akafuta mikono kwenye koti.

"Mvua zimenyesha kwenu?" shangazi akauliza.

Nilifumba macho.

"Zimenyesha kidogo," mgeni akasema.

"Na nyuki?"

"Wamepungua."

Nilihisi mkono wa shangazi ukiubana wa kwangu mpaka kucha zikaniingia. Mdogo wangu alifungua mdomo, nikamtolea jicho ambalo huwa nawatolea wanaotaka kuondoka bila kulipa. Akaufunga.

"Kilichokuleta," shangazi akasema, "ni nini?"

Mgeni alisimama. Alivua kofia, akaishika kifuani, na safari hii hakusimulia, alisema kama mtu anayekabidhi kitu.

"Baba yangu aliniachia hivi. Walitoka bandarini, meli imejaa saruji na mchele. Kesho yake jua likiwa linainama, zamu ya kumwaga majivu ya tanuru ilikuwa ya baba yangu. Akapanda juu na ndoo. Baba yako alibaki chini na koleo. Alikuwa anaimba, baba alimsikia kupitia bomba la hewa. Alipomaliza kumwaga akageuka, na meli ikapigwa ubavuni, kutoka chini ya maji. Waliopiga hawakuonekana. Saruji ni nzito, meli haikukawia. Baba yangu alitupwa majini, akashika ubao, akaokotwa na meli ya wenzao. Wa chini hawakupanda hata mmoja. Baba yako hakupotea. Hakuoa kwingine. Hakukataa kurudi. Alikufa siku hiyo, kazini kwake, na mtu wa kwao alikuwa karibu. Hilo ndilo lililonileta."

Baba mdogo alikuwa anatazama chini. Hakuna aliyelia bado, kilio kina mwanzilishi wake na mwanzilishi alikuwa shangazi, naye alikuwa amesimama tu, midomo inatembea kidogo, kama anayehesabu kitu.

"Alikuwa amekula?" akauliza.

Mgeni alisita. Maelezo yote yale aliyatoa bila kusita hata mahali pamoja, yalikuwa yamepangwa mdomoni mwake tangu ujana. Hapo alisita, akageuza kofia mikononi, akamtazama yule mama mwenye miguu iliyovimba.

"Alikuwa amekula," akasema. "Wali. Na samaki."

Nilijua, na shangazi sidhani kama hakujua, kwamba hilo hakuachiwa na baba yake.

"Vizuri," shangazi akasema. Akauachia mkono wangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta, akageuka akawatazama vijana waliosimama na majembe, mdogo wangu na simu yake, katekista, sisi sote.

"Haya, mzikeni," akasema. "Mnangoja nini tena?"